Kulima mboga juu ya marobota ya mabua ya mpunga: mwongozo kamili

Nyanya zangu za kwanza hapa Mbale, mashariki mwa Uganda, zilikufa zikiwa na maua. Asubuhi zilikuwa zimesimama vizuri, adhuhuri zikalegea kana kwamba zimekosa maji, jioni zikajiinua kidogo, na kufikia siku ya nne zilikuwa zimelala kabisa huku majani bado ni ya kijani. Nilidhani ni kiu, nikazidisha maji. Mzee mmoja jirani yangu, aliyelima bonde la Namatala tangu ujana wake, akaja akakata shina moja karibu na ardhi, akalisimamisha ndani ya glasi ya maji safi bila kulitikisa. Dakika chache baadaye ukaanza kushuka uzi mweupe kama maziwa. Akaniambia, "Mwanangu, huu ni mnyauko wa bakteria. Ugonjwa umo kwenye udongo. Hapa usipande tena nyanya."

Bakteria mwenyewe anaitwa Ralstonia solanacearum. Hukaa ardhini miaka na miaka, na pamoja na nyanya hushambulia viazi mviringo, biringanya, ntula (nyanya chungu) na pilipili. Hakuna dawa ya kupulizia inayomponya mmea uliokwisha kuugua. Mwenye ekari tano atahamia upande mwingine wa shamba. Mimi nilikuwa na nyumba ya kupanga na uwanja wa nyuma usiozidi chumba cha kulala. Hapo ndipo nilipoanza kuyaangalia vingine mabua ya mpunga yanayochomwa moto kila baada ya mavuno huko Butaleja, kwenye mashamba ya Doho yanayomwagiliwa kwa maji ya mto Manafwa.

Kazi yenyewe ni hii: unafunga mabua makavu yakawa kama tofali kubwa, unayalowesha na kuyapa nitrojeni mpaka yaanze kuoza kwa ndani, kisha unapanda miche juu yake bila kugusa ardhi. Robota linakuwa chungu, udongo na mbolea kwa wakati mmoja. Marekani na Ulaya wanatumia mabua ya ngano na shayiri kwa kuwa ndiyo waliyo nayo. Sisi tuna mpunga, na ndugu zetu wa Kapchorwa na Kween wana ngano pia.

Njia hii inamfaa mtu ambaye udongo wake unaumwa kama wangu, au ambaye kiwanja chake ni mawe na murramu tupu. Inamfaa anayeishi bondeni ambako maji hutuama. Sisi tulioshuhudia mito ya Nabuyonga na Namatala ikivunja kingo Julai 2022 tunajua mboga zinavyooza mizizi baada ya siku mbili za maji. Inamfaa mpangaji, na inamfaa mzee ambaye mgongo haumruhusu kuinama na jembe, kwa sababu robota linamfikia magotini. Lakini kama una udongo mzuri mweusi, lima udongo wako. Na kama maji unayanunua kwa jerikani kutoka mbali, usianze kabla hujapata njia ya kuvuna maji ya mvua, maana robota linakunywa sana.

Kuchagua mabua

Mabua ya mpunga na ya ngano yanashinda mengine kwa sababu yana tundu katikati, kama mrija. Tundu hilo hushika maji na hewa pamoja, na mizizi inataka vyote viwili. Nyasi za malisho zilizokaushwa, zile wanazofungiwa ng'ombe wa maziwa, zinaweza kutumika, ila zina mbegu, na robota lako litaota nyasi pande zote kama kichwa chenye nywele. Mabua ya mahindi ni magumu mno. Ukitaka kuyatumia yakatekate vipande vya kidole na uyachanganye na mpunga. Mabua ya maharage yanaoza upesi na robota linabonyea kabla nyanya hazijaiva. Majani makavu ya migomba yaache palepale chini ya migomba. Mabingobingo mabichi usiyaguse kabisa, kwani pingili zake zitachipua ndani ya robota.

Chukua mabua ya rangi ya dhahabu yenye harufu ya nyasi kavu. Yaliyonyeshewa shambani yakawa meusi na kutoa vumbi la ukungu yatakukohoza, na nguvu yake imekwisha.

Kuna hatari moja isiyoonekana kwa macho: dawa za kuua magugu. Baadhi ya dawa zinazopulizwa kwenye malisho, hasa zenye pikloramu au aminopiralidi, hubaki ndani ya majani makavu miezi mingi. Hupita hata tumboni mwa ng'ombe zikatokea kwenye samadi zikiwa na nguvu yake. Nyanya na maharage huumizwa na kiasi kidogo mno. Kabla ya kununua mzigo wa nyasi kwa mtu usiyemjua, omba konzi mbili na ufanye jaribio. Katakata nyasi hizo, changanya nusu kwa nusu na udongo unaouamini, jaza vikopo viwili, na vikopo vingine viwili vijaze udongo ule mtupu. Panda maharage matatu matatu, mwagilia, subiri wiki tatu. Maharage ya kwenye nyasi yakitoa majani yaliyojikunja kama kijiko au kusokotana, na yale ya udongo mtupu yako sawa, huo mzigo usiulete nyumbani. Wiki tatu ni ndefu, najua, lakini ni fupi kuliko msimu mzima.

Kufunga robota

Mashine ya kufungia ipo kwa wafugaji wakubwa. Sisi wengine tunatumia sanduku. Mwambie fundi akupigilie mbao nne zifanye sanduku lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 90, upana 45, kimo 45. Liweke kwenye sakafu au turubai. Tandaza kamba mbili kuvuka upana, mwanzo na mwisho wake ukining'inia nje ya sanduku. Kamba ziwe za nailoni. Za katani zitaoza pamoja na mabua, na siku nyanya zimelemewa na matunda robota litapasuka.

Jaza mabua konzi kwa konzi huku mtu amesimama ndani akiyakanyaga. Hapa usione haya kumwita kijana mzito. Robota likishindiliwa vizuri lina uzito wa kama kilo 15, na ukilisukuma kwa kidole haliingii kirahisi. Robota legevu hukauka upesi na kuanguka upande. Sanduku likijaa, vuta kamba juu, kaza kwa goti, funga, halafu nyanyua sanduku.

Kwa nyumba yenye watu sita, marobota matano yanatosha kuanzia. Usifunge ishirini msimu wa kwanza.

Mahali pa kuyaweka

Uamuzi huu ufanye robota likiwa kavu. Likishalowa lina kilo 50 na zaidi, na ukilihamisha litakatika.

Tafuta mahali penye jua saa sita au zaidi kwa siku. Miongozo ya nchi za mbali inasisitiza mstari uelekee kaskazini na kusini. Kwetu, karibu kabisa na ikweta, jua linapita karibu na utosini mwaka mzima, hivyo mwelekeo si shida. Kivuli cha mfenesi wa jirani ndicho shida. Epuka pia kuweka marobota upande wa juu wa kisima au chemchemi, kwa sababu maji yatakayochuruzika yana mbolea.

Sasa suala la mchwa. Yeyote aliyefika Nakasongola ameona mchwa wanavyoweza kuvua ardhi nguo, na huku kwetu nao wapo. Robota kavu lililokaa juu ya udongo ni karamu kwao. Kwa hiyo lisikae chini. Panga matofali au mawe kwa safu mbili, robota likae juu yake likiwa na uwazi wa kama sentimita 15 chini. Uwazi huo unafanya kazi tatu. Mchwa akitaka kupanda lazima ajenge njia yake ya udongo juu ya tofali, nawe utaiona na kuivunja kila asubuhi. Maji ya ziada yanatoka. Na mizizi ya nyanya ikifika chini inakutana na hewa, inaacha kuendelea, hivyo haigusi ule udongo wenye bakteria. Wenye udongo mgonjwa wasiruke hatua hii kwa vyovyote. Watu wengine hupaka matofali oili chafu ya gari. Mimi sikubaliani nao, kwa kuwa oili ile inashuka ardhini na tunakula juu yake.

Laza robota kwa namna ambayo kamba zinapita ubavuni, na ule upande unaoonyesha ncha za mabua uelekee juu. Ncha hizo ni midomo ya mirija; maji na mbolea vitaingilia hapo. Kwenye robota la kukanyagwa kwa miguu ncha huwa zimechanganyika, basi chagua upande wenye ncha nyingi zaidi. Kabla ya tone la kwanza la maji, simika nguzo kila mwisho wa safu na ufunge waya au kamba ngumu mbili, moja kwenye kimo cha kiuno na nyingine kifuani. Nyanya zitafungwa hapo. Fito ikichomekwa kwenye robota lenyewe haishiki, maana robota linaendelea kulainika kila wiki.

Kupika robota

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Nimeona watu wakifunga marobota mazuri, wakanunua miche mizuri, kisha wakapanda siku hiyohiyo. Baada ya wiki miche ni ya njano na haikui. Mabua yana kaboni nyingi sana na nitrojeni kidogo sana. Vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji nitrojeni ili viishi, na visipoipata kwingine vitamnyang'anya mche. Vishibishe kwanza. Vikishiba vinazaana, vinaoza mabua, na katika kazi hiyo vinatoa joto kali ambalo katikati ya robota linaweza kupita nyuzi 55 za selisiasi. Mama mmoja niliyemfundisha mtaani kwetu Namakwekwe aliita hatua hii kupika robota, na tangu hapo sijapata neno linaloifaa zaidi.

Anza kupika siku ambayo miche yako kitaluni ina wiki mbili au tatu. Miche ya nyanya huhamishwa ikiwa na wiki nne hadi tano, hivyo vyote viwili vitakutana.

Siku ya kwanza mimina jerikani mbili nzima za lita 20 kwa kila robota, polepole. Mimina kidogo, pumzika, mimina tena. Maji ya kwanza yatapita upande wa pili kama vile robota limeyakataa. Usikate tamaa, mabua makavu yana nta na yanachelewa kulowa. Kisha nyunyiza juu yake vijiko sita vya kula vya mbolea ya yurea, vilivyosawazishwa, ukivisambaza kote, na uvisukumize ndani kwa jagi la maji. Siku ya pili ni maji tu, kama lita tano. Siku ya tatu yurea vijiko sita tena na maji, ya nne maji tu, ya tano yurea vijiko sita, ya sita maji tu. Siku ya saba, ya nane na ya tisa weka vijiko vitatu kila siku na maji kidogo yasiyochuruzika chini, ili usiioshe mbolea uliyoilipia. Kwa hesabu hii kilo moja ya yurea inatosha marobota matatu. Siku ya kumi acha yurea, weka vijiko vinane vya mbolea ya NPK 17-17-17 ili miche ikute fosforasi na potasi. Baada ya hapo ni maji tu mpaka joto lishuke.

Mvua kubwa ikinyesha katika siku hizi, funika marobota kwa kaveera (plastiki) pana au mabati. Nimeshapoteza yurea yote ya wiki kwa mvua ya usiku mmoja ya Aprili. Ndiyo maana napenda kupika Januari, kiangazi, pale ambapo maji yanaingia kwa mkono wangu na kwa kipimo changu.

Utajuaje kinachoendelea ndani? Kwa pua na kwa chuma. Siku ya tatu au ya nne utasikia harufu kali kidogo kama ya choo cha farasi; hiyo ni amonia, na kidogo tu si neno. Ikikuchoma macho umezidisha yurea, ruka zamu moja na uongeze maji. Harufu ya mayai yaliyooza maana yake robota limezama, halina hewa. Punguza maji siku mbili. Kwa upande wa joto, chukua kipande cha nondo ya ujenzi cha nusu mita, kichomeke mpaka katikati, subiri dakika kumi na tano, kitoe na ukishike. Siku ya tano au ya sita hutaweza kukishikilia. Hiyo ndiyo ishara kwamba sufuria imechemka. Kama siku ya saba chuma bado ni baridi, robota ni kavu mno au ni legevu mno. Liloweshe upya na ulibane kwa kamba ya tatu.

Panda pale tu chuma kinapokuwa na joto la maji ya kumwogeshea mtoto, siyo zaidi. Kwa kawaida ni kati ya siku ya kumi na mbili na ya kumi na nane. Msimu wangu wa kwanza miche ilikuwa imerefuka kitaluni, nikaona haya kuiacha, nikapanda siku ya nane. Asubuhi iliyofuata ilikuwa imelala. Niliing'oa nikakuta mizizi imeiva, laini kama mchicha uliotoka chunguni. Miche kumi na miwili.

Wapo wasiotaka yurea, au hawana fedha yake. Samadi ya kuku kavu inafanya kazi hiyohiyo kwa mwendo wa pole. Loweka kilo moja katika lita kumi za maji usiku kucha, asubuhi koroga na umimine pamoja na mashapo yake. Fanya hivyo mara sita, kila baada ya siku tatu. Hesabu wiki tatu hadi nne kabla ya kupanda. Mkojo wa sungura nao ni mzuri sana, na siku hizi wafugaji wengi wanauuza kwa lita. Mkojo wa binadamu una nitrojeni nyingi pia. Anayeutumia autie wakati wa kupika tu, na upite mwezi mzima kabla ya kuvuna chochote. Jivu la kuni linaleta potasi, lakini usilichanganye na yurea wala samadi ya kuku siku moja. Jivu linaifukuza amonia ikapaa hewani, na utakuwa umeipikia mbolea upepo. Jivu liwekwe siku ya kumi au baadaye, konzi moja tu.

Na hii naisema kwa msisitizo: yurea ni sumu kwa mbuzi na ng'ombe wakiilamba au kunywa maji yake. Robota linalopikwa lina harufu ya chumvi inayowavuta. Zungushia uzio kabla ya siku ya kwanza, na mfuko wa yurea uweke ndani, juu, mbali na watoto.

Kupanda

Toboa shimo kwa panga au mti uliochongwa, upana wa ngumi mbili, kina cha kiganja. Usiyang'oe mabua, yasukume pembeni. Weka konzi mbili za mboji au udongo mzuri, panda mche, kandamiza, mwagilia. Nyanya izamishe mpaka karibu na majani ya kwanza, itaotesha mizizi zaidi shinani.

Udongo huo wa konzi mbili ndio unaoharibu kazi ya watu. Ukiuchota kwenye shamba lenye mnyauko, umelipanda gonjwa mwenyewe ndani ya robota safi. Chota mahali pasipowahi kuwa na nyanya, viazi wala biringanya. Kama huna uhakika, uloweshe, uweke kwenye sufuria kuukuu yenye kifuniko, uupashe moto mdogo mpaka utoe mvuke kwa nusu saa. Kitalu nacho kiwe cha udongo wa namna hiyo. Miche ya kununua njiani huwezi kujua imetoka wapi. Ukipata mbegu ya MT56, aina iliyotoka Chuo Kikuu cha Makerere, inauvumilia mnyauko kuliko aina nyingine tulizozizoea.

Robota la sentimita 90 linabeba nyanya mbili. Mbili tu, hata kama unaona nafasi. Biringanya au ntula mbili pia, pilipili hoho tatu, kabichi tatu, sukuma wiki nne, matango mawili yakielekezwa kwenye kamba. Spinachi sita. Kwa mboga za majani kama dodo (mchicha), nakati na bbuga hakuna haja ya mashimo: tandaza mboji ya sentimita tano juu ya robota zima, nyunyiza mbegu, funika kidogo. Dodo utaanza kuichuma baada ya wiki tatu au nne, na kwa mtu anayeanza ndiyo mboga ya kumtia moyo. Ubavuni mwa robota pia kuna nafasi. Mimi huchomeka dania na vitunguu vya majani humo.

Mahindi usijaribu, yatang'oka kwa upepo wa kwanza unaoshuka mlima Wanale. Karoti zinapinda. Mihogo na viazi vitamu ni vya ardhini.

Maji na chakula

Robota halina akiba kama udongo. Lita tano kwa siku zinatosha miche midogo, lakini nyanya zenye matunda katika kiangazi cha Februari zitahitaji hadi lita kumi kwa robota. Mwagilia asubuhi, shinani, si juu ya majani. Ingiza kidole mpaka fundo la pili. Ukikuta unyevu kama wa nguo iliyokamuliwa, acha. Chupa ya maji ya lita moja na nusu, iliyotobolewa matundu mawili membamba kwenye kifuniko na kuchomekwa kichwa chini, hudondosha polepole na kukupa nafasi ya kwenda kazini.

Ukimwagilia leo sana na kesho ukasahau, nyanya zitaoza kitako: doa jeusi lililobonyea upande wa chini wa tunda. Wengi hukimbilia dawa ya ukungu. Si ukungu. Mmea umeshindwa kupandisha kalsiamu kwa sababu maji yanakuja kwa kukatikakatika. Tengeneza ratiba ya maji, matunda yanayofuata yatakuwa mazima.

Kuanzia wiki ya tatu baada ya kupanda, lisha kila baada ya siku kumi na nne: kijiko kimoja cha kula cha NPK kwa mche, mbali kidogo na shina, au mkojo wa sungura lita moja kwa lita kumi za maji. Majani ya chini yakianza njano huku ya juu yakififia, njaa ya nitrojeni imerudi. Lisha mapema kabla ya zamu.

Wageni wa robota

Katika wiki ya pili au ya tatu utaamka ukute uyoga umechipuka, mwembamba, wa kijivu, unaoyeyuka mchana kuwa wino mweusi. Ni dalili njema kwamba mabua yanaoza sawasawa, na haudhuru mboga. Ila usiule, na uwaonye watoto, maana sisi huku tunaupenda uyoga wa kichuguuni na mtoto hawezi kutofautisha.

Adui mkubwa kuliko wote ni kuku. Robota lililopikwa limejaa wadudu na funza, na kuku watatu wanaweza kulichakura likaisha kwa asubuhi moja. Uzio wa matete au wavu uwe wa kimo cha kifua. Panya hupenda robota kavu kwa kulala. Likiwa na unyevu daima hawakai. Konokono utawaokota usiku kwa tochi.

Robota halikingi magonjwa ya majani. Bakajani itakuja na mvua vilevile, na nondo wa nyanya, Tuta absoluta, atatoboa majani vilevile. Kata majani ya chini yanayogusa mabua, acha hewa ipite kati ya mimea, na jani lenye mabaka lichomwe moto, lisitupwe juu ya robota. Mche mmoja ukinyauka kwa namna ya ghafla niliyoieleza mwanzoni, fanya jaribio la glasi siku hiyohiyo. Ukiona uzi mweupe, robota lile zima litoke, liende mbali na bustani, na panga na mikono vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa la pili. Hapo utashukuru kwamba kila robota linajitegemea, kwa sababu ugonjwa wa moja haupiti kwa miguu kwenda kwa jingine kama ardhini.

Msimu wa pili

Nyanya zikiisha, robota litakuwa limeshuka karibu nusu ya kimo chake, kahawia, likinukia msitu. Usilitupe. Kata mimea usawa wa juu ukiiacha mizizi ndani, kaza kamba, ongeza mboji ya vidole vinne juu, na panda dodo, bbuga au spinachi. Halihitaji kupikwa tena, ila litahitaji chakula mapema zaidi. Usirudishe nyanya wala ndugu zake hapo.

Baada ya msimu wa pili kamba hazina tena cha kufunga. Zikate, zikusanye zote zisibaki hata kipande, uzitumie kwenye marobota mapya. Kinachobaki kibebe kwa kapu ukimwage kuzunguka migomba, nusu mita kutoka shinani, unene wa kiganja. Halafu tuma mtu Butaleja mapema kabla hawajawasha moto.